Bibi wa Darasa Zima

Basi la kwenda Kottayam halikuwa limetoka hata stendi ya Pala, Thressiamma, bibi wa shamba la mpira, akagundua kwamba muuguzi kijana aliyeketi mbele yake anaongea Kiingereza peke yake, macho kayafumba. Ni ule mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Kila nyumba yenye binti anayetaka kwenda kuuguza ng'ambo inaujua.

"Umeshika swali gani?" akaulizwa na aliyeketi naye kiti kimoja, mama wa makamo aliyebandika saa ya kiuguzi kifuani.

"La mtu aliyebuni kitu kipya, dada. Nasema bibi yangu, mvua zilipokataa kukatika..."

"...alianika nguo kwenye kibanda cha moshi cha kukaushia utomvu wa mpira," yule mama akamalizia.

Binti akafumbua macho. "Ulimjua bibi yangu?"

"Bibi yako wapi! Huyo katungwa na mwalimu wa masomo ya jioni. Nimemkariri tangu sikukuu ya Onam."

"Basi wewe sema ni babu."

"Babu afue nguo? Nani ataamini? Badilisha wewe mwenye akili changa. Si wametaka ubunifu?"

"Mwalimu kasema tusiguse hata neno. Halafu bibi yangu wa kweli, Mungu amlaze pema, hakubuni chochote."

"Wangu je!"

Thressiamma, ambaye sari aliyoivaa ilikauka juzi kwenye moshi huohuo wa mpira, aliunusa upindo wake. Hakujua kama amebuni kitu. Alijua tu kwamba ananuka.

Basi liliposimama mbele ya jengo la mtihani, wawili wale walishuka wakigombania nani atangulie kuingia. Karibu basi zima likashuka nyuma yao, midomo ikicheza, wajukuu wa bibi mmoja.