Mama Barafu na Neno Lililopigwa Marufuku

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya maumivu, mtafiti mkuu tunayemwita Mama Barafu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jumatatu inayofuata, binti yake anaingia chumba cha upasuaji kuondolewa ovari zote mbili. Kamati ya sherehe ilitaka niandike habari ya kwanza peke yake. Nimekataa, na mama na binti wameniruhusu.

Alipoajiriwa, vipimo vya maumivu vilifanywa kwa wanaume tu. Homoni za wanawake, aliambiwa, hupanda na kushuka, zitavuruga majibu. Kwa hiyo wakubwa walipima nusu ya watu, wakaandika "binadamu", wakaenda kulala. Yeye akanunua beseni la bluu, akalijaza maji na barafu, akawaita wauguzi, wafagizi na makarani wa kike watumbukize mkono, wiki baada ya wiki, mpaka mwezi uishe.

Mwili hujitengenezea dawa yake ya maumivu, ndugu wa mofini. Kwa wengi wa wanawake wale, siku ambazo estrojeni, homoni ya kike, ilikuwa juu, mkono ulikaa majini. Iliposhuka, mwanamke yuleyule, beseni lilelile, alichomoa mkono machozi yakimlenga. Picha za ubongo zilipokuja baadaye zilieleza sababu: siku estrojeni ikiwa chini, mwili ulimimina dawa yake kwa uchoyo. Hakuwa mwoga, wala hakuwa anadeka.

Mama Barafu akatunga sheria moja: ndani ya maabara hakuna kusema "vumilia". Hata kibao cha "Mvumilivu hula mbivu" alikibandua ukutani. Ukilitamka neno hilo, mkono kwenye beseni. Dereva wetu, mtu wa miraba minne, alimwambia karani aliyejikunja kwa maumivu ya hedhi, "Vumilia, dada. Mbona mama yangu alivumilia." Kufumba na kufumbua, dereva alikuwa ameshauchomoa mkono anaomba taulo, na karani akamwuliza kwa upole, "Shemeji, mama yako uliwahi kumwuliza?" Mkurugenzi naye alitumbukiza, tai shingoni.

Tumecheka sana katika chumba hiki. Wiki iliyopita hatukucheka. Binti alipiga simu. Ugonjwa wake unalishwa na estrojeni, kwa hiyo ovari zikitoka hawezi kurudishiwa homoni hiyo kwa vidonge. Itaporomoka ghafla, akiwa bado kijana, kidonda kikiwa kibichi. Aliuliza swali moja tu: "Mama, itauma kiasi gani?" Mwanamke anayelijua jambo hili kuliko yeyote kati yetu alitazama dirishani, akasema, "Utavumilia, mwanangu."

Akakata simu. Akaenda mwenyewe kwenye beseni, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Karani alimshika bega.

"Sijui itakuwaje," Mama Barafu alisema. "Wengine hawaoni tofauti yoyote. Wengine nimewaona kwa macho yangu wakiumia."

Naogopa, na sioni haya kusema. Siogopi kisu, wapasuaji ni hodari. Naogopa asubuhi ya pili wodini, binti akisema inauma, na mtu mwenye koti jeupe akatazama kipimo cha dawa kilichokadiriwa kwa miili ya wanaume, akatabasamu, kisha akalitamka lile neno. Mama yake akiwepo atapigana. Lakini mama naye ni mtu, na tumeshasikia hofu ilivyomlegeza ulimi.

Ndiyo maana hatukumnunulia saa ya ukutani ya kumuaga. Jumatatu beseni la bluu linahamia wodini, chini ya kitanda cha binti, na tumegawana zamu za kukaa pale. Muuguzi mkuu ameahidi barafu. Dereva ameomba zamu ya kwanza.

Mama Barafu, asante kwa kutufundisha kumwamini anayesema anaumwa. Nenda ukae karibu na mwanao. Umri wako uwe mrefu, na siku zako ziwe nyepesi. Akiuliza tena itauma kiasi gani, mwambie hatujui. Mwambie pia kwamba akisema, atasikilizwa.