Lyndal Kessell na Ubao wa Ghuba ya Corrigan

Lyndal Mary Kessell, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 mjini Zeehan, magharibi mwa Tasmania, mtoto wa pili wa mchimba madini Jory Kessell na mkewe Enid, akasoma hapohapo hadi mwaka 1969, kisha akajifunza ufundi wa injini za dizeli mjini Burnie, msichana pekee katika darasa la watu kumi na tisa.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Ghuba ya Corrigan, Antaktika, kilichofunguliwa mwaka 1957, akakabidhiwa majenereta matatu yaliyowapa watu ishirini na wawili joto, mwanga na hata maji, maana maji ya huko ni barafu iliyoyeyushwa. Mlangoni palikuwa na ubao wa vibao vya majina, vyeupe upande mmoja na vyekundu upande wa pili, anayetoka akigeuza chake kiwe chekundu, anayerudi akikirudisha kiwe cheupe, na dhoruba ikianza, mwenye kibao chekundu hutafutwa.

Tarehe 14 Julai 1985 mtafiti wa barafu Graeme Tofft alirudi kutoka kibanda cha vipimo akiwa na hesabu zake kichwani, akaupita ubao bila kugeuza kibao, akajifungia katika chumba cha ramani. Dhoruba ilipoanza, Lyndal aliona kibao cha Tofft bado ni chekundu, akatoka na daktari wa kituo, wakaifuata kamba ya kuongozea njia mita mia nne hadi kibandani na kurudi, saa mbili nzima, na Lyndal akapoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa baridi. Aliporudi alimkuta Tofft mezani, akinywa supu.

"Bwana Tofft, ubaoni wewe bado uko nje. Nenda ukageuze, supu yako nitaimalizia mimi."

Wenzao walimwita Tofft "Marehemu" mpaka meli ilipofika Desemba, marehemu pitisha chumvi, marehemu zamu yako ya vyombo, naye aliitika, kwa kuwa alistahili.

Lyndal na Tofft walifunga ndoa mjini Hobart tarehe 21 Februari 1987, wakajaliwa Fenella mwaka 1988 na Rowan mwaka 1991, wakaishi katika mji wa Snug. Kituo kilipofungwa, tarehe 30 Januari 1996, Lyndal ndiye aliyezima jenereta la mwisho, akaja na ule ubao, akautundika mlangoni mwa jikoni, na tangu hapo hakuna aliyetoka nyumbani humo, hata kufuata maziwa, bila kugeuza kibao.

Alianza kuugua mapafu Agosti 2021. Tarehe 2 Mei 2024, akipelekwa hospitali kwa mara ya mwisho, alimsimamisha dereva ili mumewe arudi ndani kugeuza kibao chake mwenyewe, akisema mtu huyu ana historia ya kusahau. Alifariki tarehe 9 Mei, saa nane na dakika kumi mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Snug walioleta supu nyingi kuliko watu wa kuinywa, na wenzake wa Ghuba ya Corrigan, kumi na mmoja waliobaki, ambao wote wamefika.

Kwa siku sita baada ya kifo chake, kibao cha Lyndal kilibaki chekundu, mumewe asijue utaratibu unasemaje juu ya asiyerudi. Leo asubuhi, kabla ya kufunga mlango, aligeuza chake kikawa chekundu, kama inavyopasa, na cha Lyndal akakirudisha kiwe cheupe, kwa kuwa safari hii hakuna wa kutoka kumtafuta. Umekwisha kuingia ndani, Lyndal. Pumzika kwa amani.