Mzee Fanuel Mwakisha, Mkalimani wa Daktari (1926–1984)

Ndugu na majirani, karatasi mliyopewa imefupishwa. Mimi Tryphena, binti wa marehemu, nitasoma yote, na ninamwomba Mzee Zephaniah wa Mwanda asiondoke kabla sijamaliza.

Marehemu Mzee Fanuel Mwakisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 huko Mghange, kifungua mimba wa mama yake. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akakijua Kiingereza kuliko wenzake wote, na hicho ndicho kilichompa kazi.

Mwaka 1951 aliajiriwa katika zahanati moja nje ya Voi, kufunga vidonda na kuwa mkalimani kati ya daktari mgeni na wagonjwa waliojua Kidawida tu. Alimwoa mama yetu, Loise Wakio, Agosti 1953. Hata nyumbani alikuwa mkalimani. Mama akifoka jikoni, Baba alitugeukia sisi watoto na kusema, "Mama yenu anasema chakula kiko karibu." Tulicheka sana. Leo sina kicheko, mtanisamehe.

Jumatatu moja ya Mei 1967 alikuja mama mmoja, Elsie, mwenye homa tangu ajifungue. Mumewe alikuwa huyu Mzee Zephaniah. Daktari alimdunga sindano, akasema arudi Alhamisi bila kukosa, asiporudi atakufa. Baba aliona haya kumtamkia mtu kifo cha mkewe, naye mke yupo anasikia. Akawaambia, "Daktari anasema mrudi mkipata nafasi." Walikuwa na maharagwe ya kuvuna. Jumapili Elsie aliletwa kwa machela, ameshakata roho. Zephaniah akamshika Baba mkono, akamshukuru kwa msaada wake. Baba akazipokea shukrani hizo. Haya alinisimulia mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyetoka mlangoni kabla Baba hajamuuliza, "Daktari amesema nini? Rudia." Wengine walimwona msumbufu. Na kila mwaka, hata baada ya kustaafu 1981, alisema ataenda Mwanda akaseme ukweli. Hakwenda.

Agosti mwaka huu alianza kuumwa ubavu wa kulia, akakonda, macho yakawa manjano. Tarehe 28 Septemba daktari alinivuta kando akaniambia ini limeharibika, wiki mbili ni nyingi. Niliporudi kitandani, Baba akauliza, "Tryphena, amesema nini? Usinifiche, nina safari ya Mwanda."

Nikasema, "Amesema utapata nafuu."

"Rudia."

Nikarudia. Alinitazama sana, mpaka nikainamisha macho. Kisha akasema, "Haya, nitaenda nikipata nafuu," akageukia ukutani.

Alituaga Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1984, saa tatu asubuhi. Amemwacha mjane wake, Mama Loise. Watoto watatu, Noah, Peris na mimi. Na wajukuu saba.

Mzee Zephaniah, nakuona hapo karibu na kaburi. Umekuja kumzika rafiki. Daktari hakusema mkipata nafasi. Alisema Alhamisi. Baba alitaka uyasikie kinywani mwake, nami ndiye niliyemnyima siku zake za kuja kwako.

Mungu amlaze mahali pema. Nawe, Mzee wangu, ukiweza, msamehe.