Ufunguo wa Shule ya San Jacobo

Benchi la mbele ya duka la dawa la San Jacobo, mji wa milimani Kolombia, lilitoka darasa la pili la shule ya zamani. Majina ya wanafunzi wa zamani bado yamechongwa mgongoni mwake. Jumanne asubuhi Doña Edelmira alifika na chupa yake ya kahawa, akalikuta limejaa wazee wenzake. Tangazo la meya lilikuwa limebandikwa ukutani: shule hiyo, iliyofungwa miaka sita iliyopita, itabomolewa, na mpimaji wa ardhi anakuja leo. Ufunguo wa lango ulikuwa shingoni mwa Edelmira, ndani ya blauzi. Mama yake, mfagiaji wa shule, alimwachia kwa neno moja: mpe mwalimu tu.

— Meya anataka maegesho ya magari, alisema Msumari, seremala mstaafu.

— Magari gani? Mji mzima una manne, na la kwako halina injini.

Huyo alikuwa Padri Nusu, aliyetoroka seminari.

— Wewe unajua nini?

— Dhahabu. Chini ya darasa la pili.

— Dhahabu! Nimekaa darasa la pili miaka mitatu, ningeinusa.

— Basi ni uwanja wa helikopta. Wa mkwewe.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo maana meya anachechemea!

— Anachechemea kwa viatu vya kubana, bwana.

Edelmira aliwamiminia kahawa, hakucheka.

— Vigae vya paa la shule ile babu zetu walivipandisha mgongoni, kwa msaragambo, kazi ya mji mzima. Kila nyumba vigae ishirini. Leo wajukuu wetu wanakwenda kusoma mji wa pili juu ya lori la maziwa. Na nyie mnanusa dhahabu.

Mpimaji, kijana mwenye kofia ngumu ya plastiki, akasimama mbele yao, karatasi mkononi.

— Shikamooni wazee. Nani ana ufunguo wa shule?

Msumari alichungulia kikombe chake. Padri Nusu alitazama mawingu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alinong'ona.

— Hakuna anayejua? Basi nitavunja kufuli.

Edelmira aliipindua chupa. Likadondoka tone moja.

— Kahawa imekwisha. Shikeni benchi.

— Tulipeleke wapi, Doña?

— Lilikotoka.

Walilibeba hadi shuleni, ng'ambo ya uwanja wa mji, Msumari akilaani mgongo wake njia nzima. Wakaliegemeza langoni, wakaketi, Edelmira katikati.

Mpimaji aliwafuata.

— Mama, mtakaa hapo mpaka lini?

— Wewe ni mwalimu?

— Hapana.

— Basi sogea, mwanangu. Unatuzibia jua.