Gaudens Kavishe na Nyuso za Soko la Zamani

Waombolezaji wenzetu, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, na ndugu mliofika jana kutoka Rombo, kabla jeneza halijaanza safari ya kwenda Mashati familia inaomba mtusikilize kidogo, mjue huyu tunayemsindikiza aliishi vipi, na tutayasema kama yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda picha iliyopakwa rangi.

Gaudens Onesphory Kavishe alizaliwa tarehe 14 Machi 1929, kijijini Mashati, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Onesphory na Mama Josepha, akaingia shule ya misheni mwaka 1937 na kumaliza darasa la sita mwaka 1943. Mwaka wake wa mwisho shuleni padri mmoja alimruhusu kushika kamera siku ya Kipaimara, na tangu hapo, kama mama yake alivyozoea kulalamika, kijana hakusikia tena la mtu.

Mwaka 1949 alishuka Dar es Salaam, akaajiriwa karakana ya reli pale Gerezani, akafanya kazi hiyo miaka tisa, na jioni akawa anajifunza kusafisha picha kwa fundi mmoja mwenye studio karibu na kazini. Tarehe 7 Januari 1956 alifunga ndoa na Severa Anaeli, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Theopista, na mwezi Agosti 1958 aliacha kazi ya reli, akafungua studio yake katika vyumba viwili vya mbele vya nyumba hii mliyoizunguka.

Kamera yake wengi mnaikumbuka, ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, aliyoining'iniza kifuani na kuiinamia kama anayesoma kitabu, inayotumia mkanda mpana wa picha kumi na mbili tu, picha za mraba. Wenzake walipohamia kamera ndogo za picha thelathini na sita alikataa kuwafuata, akisema mkanda mrefu unamfanya mpiga picha kuwa mropokaji. Kila Jumapili baada ya misa alibana picha mpya kwenye kamba hapa barazani, kwa vibanio vya nguo, watu wakaja kujitazama na kutazamana, na kila aliyejiona aliondoka na picha yake.

Mwaka 1970, ilipojulikana kwamba soko la zamani la Kariakoo litabomolewa, marehemu alipitia meza kwa meza kwa wiki saba, akampiga kila mfanyabiashara picha moja mahali pake, mikanda kumi na minane, nyuso mia mbili na kumi na sita, na kila mmoja alimwahidi kwamba soko jipya likifunguliwa atajikuta ukutani, mkubwa kama alivyo, kisha atachukua picha aende nayo nyumbani. Bi Zamzam, muuza dagaa, aliomba apigwe tena kwa kuwa alikuwa amefumba macho, marehemu akamjibu, "Hukufumba, Bi Zamzam, mimi ndiye niliyekuwa nakutazama," na hakupiga ya pili.

Soko jipya lilifunguliwa mwaka 1975, na kuta zilikuwa tupu. Mikanda alikuwa ameisafisha yote, lakini karatasi za kutolea picha zilikuwa zimeadimika, na zile chache zilizoingia nchini zilipelekwa maofisini, hivyo marehemu akaanza kuandika barua, moja ya kuomba karatasi, nyingine ya kuomba kibali cha kutundika picha, akaambiwa alete barua ya kata, akaileta, akaambiwa ya wilaya, akaileta, akaambiwa aliyeipokea amehamishwa. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Uwesu, aliye hapa mbele yenu, alimsainia mara kumi na moja. Kibali kilitoka Machi 1977 wakati hapakuwa na karatasi hata moja mjini, na karatasi zilipopatikana kidogo katikati ya 1978 aliambiwa kibali kimekwisha muda, aanze upya, na kabla hajaanza ikaja vita, akaona aibu kwenda kusumbua watu na picha.

Familia haitaficha kwamba miaka hiyo alikuwa mgumu kuishi naye. Alipika dawa za kusafishia picha akazimwaga bila kuzitumia, aligombana na wateja waliotaka picha za pasipoti, na akipita sokoni alizunguka kwa nyuma ili asiulizwe, kwa sababu kila alipokatiza mtu alimwita, "Mzee Kavishe, ukuta wetu vipi?" Mama Severa alimwambia aache, maisha yaendelee, naye akamjibu, "Wewe hukuwaahidi. Niliwaahidi mimi."

Mwezi Desemba 1982 Theopista alirudi kutoka masomo ya uuguzi Ujerumani Mashariki na paketi nne za karatasi, zikiwa ndani ya bahasha nyeusi zisizopitisha mwanga, na marehemu akaimba siku mbili. Hakuzigusa haraka, alitaka dawa nzuri kwanza, akaitafuta miezi minne, na hilo hakujisamehe, kwa sababu Jumanne ya tarehe 19 Aprili 1983, wakati nyumba nyingi za mtaa huu zikipekuliwa kutafuta bidhaa zilizofichwa, wapekuzi waliingia hapa saa nne asubuhi, wakazikuta paketi zile chini ya kitanda.

"Za nini hizi?" mmoja akauliza.

"Karatasi za picha. Naomba msizifungue."

"Kwa nini tusizifungue?"

"Zikiona jua zimekufa. Nizibieni dirisha, nizifungue gizani kwa taa nyekundu, mtaziona zote."

Hapo ndipo walipozidi kushuku, wakazibeba hadi uani, wakachana bahasha moja baada ya nyingine, wakapekua karatasi zote juani, marehemu akiwa amesimama mlangoni na Mzee Uwesu amemshika mkono. Walipomaliza walizipanga vizuri, wakamrudishia kwa heshima. "Karatasi tupu hizi, mzee. Hatuna shida na wewe."

Kwa siku tisa hakufungua studio. Siku ya kumi alichukua mkasi, akakata mikanda yote kumi na minane kipandekipande, akaingia sokoni na bati la biskuti kwapani, akaanza kumpa kila mtu kipande chenye sura yake, maana mkanda ule ni mpana, ukiuelekeza angani unajiona kwa macho bila mashine. Wengine walicheka kuona meno meusi na nyuso nyeupe, kwa kuwa mkanda hugeuza nyeusi kuwa nyeupe, wawili walimrudishia, na Bi Zamzam alikiinua kipande chake juani akakitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe kweli sikufumba." Marehemu alirudi nyumbani akatueleza hilo, lakini hakutabasamu, alisema, "Nimewapa deni, sikuwapa picha."

Mwezi Septemba 1983 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na alipozidiwa mwezi Mei mwaka huu alikuwa amekwisha kuwafikia watu mia moja na thelathini na wanne, bila kuwahesabu wale wawili waliorudisha. Alifariki Jumatatu ya tarehe 11 Juni 1984, saa moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano. Hatutasema aliondoka ameridhika, hakuridhika, na tukisema vinginevyo atatukasirikia huko aliko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa waliovumilia maswali yake, majirani mliopika na kukesha nasi, wapiga picha wenzake mliofunga studio leo, na Mzee Uwesu, ambaye tangu jana anavipitia vipande themanini na viwili vilivyobaki na amekwisha kuwatambua wenyewe ishirini na sita. Bati liko mezani kwake, na aliyekuwa na meza soko la zamani asiondoke bila kupita pale.

Gaudens, mume, baba, kaka yetu, kazi imebaki kwetu, wewe pumzika kwa amani.