Harufu katika Mbabula ya Kasonde

Julai 1962, baridi ya Elisabethville ilikuwa inauma mpaka mifupa. Benchi letu pale Katuba lilitazamana na nyumba ya Stanislas, fundi cherehani. Watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa mwaka uliotangulia, alikimbilia kambi ya wakimbizi na mkewe Simone na kichanga chao, na mlango ule haukufunguliwa tena. Asubuhi hiyo Kasonde, tuliyemwita Facteur, yaani mpeleka barua, kwa sababu alijua habari za kila nyumba, alituletea mbabula yake, jiko la bati lenye udongo ndani, alilotumia kuota moto nyumbani. Lilikuwa linanuka. Mkewe Hortense alikuwa ameshafunga nguo: harufu itoke, ama yeye arudi Kambove kwa mama yake. Tukatia makala, tukainjika birika la kahawa, tukaanza uchunguzi. Wataalamu hatukosekani.

— Ni makala, alisema Numbi, tuliyemwita Mekanisyen ingawa hana hata spana. Makala ya muti mubaya.

— Nilibadirisha makala mara tatu, mon cher, alijibu Kasonde. Inanuka tu vile.

— Basi panya alifia mu udongo. Paka akitoka, panya banatawala!

Kasonde akainamisha macho.

— Hapana panya, alisema baba Adrien, katekista. Ni avion, ndege. Ile ya juzi ilipita chini, ikamwanga unga. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Mu juillet, baba? akauliza Numbi. Mvua gani?

— Njo maana nasema ni unga!

— Miye naona ni mama-mukwe, alisema Numbi. Alitia dawa, juu ya binti yake arudie kwake.

Nikacheka. Kasonde hakucheka, na nilimwonea huruma kweli. Miaka sita ya ndoa, mtoto bado, na bila Hortense hawezi hata kufunga kifungo.

Hapo akapita mama Laurentine, muuza makala, mgeni katika mtaa wetu. Akatua gunia, akainama, akanusa.

— Ile ni maziba.

— Maziba? Maziwa? akauliza Numbi.

— Ya mutoto. Inachemkaka, inamwangika, udongo inakunywa. Ukiwasha moto, harufu inarudia. Ata yangu ilinukaka vile.

Akamtazama Kasonde, akatabasamu kwa wema.

— Mutoto yako iko na miezi ngapi, baba?

Baba Adrien alivua kofia, akaivaa tena.

— Nilibachungia tu, Kasonde alisema polepole, akitazama mlango wa Stanislas. Nilisema batarudia.

— Banani? akauliza mama Laurentine.

Kahawa ikachemka, ikamwagikia makala, na hakuna aliyeinua birika. Nilitaka kuondoka zangu, niwaachie aibu yao. Ndipo nikakumbuka kwamba hata benchi nililokalia tulilitoa uani kwa Stanislas, siku ileile Kasonde alipoibeba mbabula, na mimi ndiye niliyeshika upande mmoja.