Siku Niliposimama Chini ya Droni

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu. Mnanijua mimi ni yule mama wa kwaya mwenye sauti kubwa. Leo mnivumilie nikiongea polepole.

Nikiwa darasa la tatu, nyuki walitushambulia mimi na dada yangu mkubwa tukichuma kahawa. Mimi nilifika mtoni nikajizamisha. Yeye hakufika. Sijawahi kusema hayo hapa kanisani.

Kwa hivyo ile kampuni ya vifurushi ilipoleta droni huku Mukurweini, nyinyi mlisikia mashine. Mimi nilisikia nyuki. Ikipita tu juu ya migomba, najifungia jikoni, nafunika kichwa na leso, nakaa na moshi mpaka inyamaze.

Sasa sikieni aibu yangu. Sikusema naogopa. Kwenye baraza ya chifu nilisema ati droni inapiga picha wanawake wakioga. Sikuwa nimeona picha hata moja. Nikazunguka na karatasi nyumba kwa nyumba, na wengine wenu mlio hapa mkatia sahihi kwa sababu mliniamini. Kampuni ikaambiwa isishushe kitu kwenye boma lolote lililokataa. La kwangu lilikuwa la kwanza.

Halafu mvua ya mwezi wa nne ikaja, udongo ukaporomoka ukafunika barabara ya Gakindu. Mzee wangu ana pumu. Asubuhi hiyo alipuliza dawa yake, ikatoka hewa tupu.

“Imeisha,” akaniambia, na hilo neno moja lilimchosha.

Nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikampigia binti wa duka la dawa.

“Mkalishe wima, asilale,” akasema. “Pikipiki haiwezi kupita. Naweza kutuma dawa kwa droni, lakini boma lenu lilikataa. Unakubali?”

Nilinyamaza. Nawaambia ukweli, mume wangu anakosa pumzi nyuma yangu na mimi nimenyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

“Mama, uko?”

“Naogopa,” nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

Hakunicheka. “Sawa, mama, ogopa, lakini usikate simu. Tandika shuka nyeupe uani, usimame kando yake. Wanaoiendesha wasipoona mtu, hawashushi.”

Nikatandika. Niliisikia kabla sijaiona, ikitokea upande wa mto. Miguu ikaanza kunipeleka jikoni yenyewe. Nikakumbatia nguzo ya zizi. Mkojo ulinitoka, naye mchungaji anisamehe kusema hivyo. Ikasimama juu yangu, upepo wake ukanipiga usoni, na mimi nikawa namwita dada yangu kwa jina lake, kama vile siku ile. Kwenye simu yule binti alikuwa anarudia tu, “Niko hapa, mama. Niko hapa.”

Kifurushi kikashuka na kamba, kikagusa shuka. Droni ikaenda.

Mzee alipuliza mara ya kwanza, sikuona tofauti. Mara ya pili, bado. Nilikuwa nimeshika mgongo wake, na ni hapo kwenye kiganja changu nilipousikia ukianza kulegea. Baada ya muda akaangalia nje, akasema, “Ng'ombe anakanyaga shuka yako.” Nikaketi chini nikalia.

Nilirudi kwa chifu nikasema ule ulikuwa uongo wangu. Kwenu pia naomba msamaha leo. Asiyetaka droni kwake ana haki yake, lakini asiikatae kwa maneno yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti, aliyekaa na mimi kwenye simu mpaka mwisho. Namshukuru mzee wangu, ameketi pale nyuma. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilikawia kujibu.

Nilichojifunza ni hiki: hofu usipoisema, utaitafutia uongo, na uongo huo utawafunga watu wengine. Sijapona kabisa, bado natetemeka. Lakini kama kuna mtu hapa anaogopa kitu na anaona haya kukisema, anitafute baada ya ibada. Sitamcheka. Nitakaa naye.